Mtani Aliyeondolewa Kundini

Sikuwahi kuamini kwamba mtu anaweza kusaidiwa kuandika na watu asiowaona. Kwa muda wote niliofanya kazi ya ukaguzi wa shule mkoani Mtwara, niliingia darasani mwenyewe, nikakaa kwenye dawati la nyuma, nikamsikiliza mwalimu kwa masikio yangu, ndipo nikaandika. Taarifa iliyotokana na maneno ya watu sikuipokea, hata ikiwa imeletwa na mkuu wa shule. Kwa hiyo mwalimu mmoja niliyewahi kumkagua, ambaye sasa amerudi kwao mikoa ya Ziwa, aliponipigia simu kunieleza kwamba anaratibu kundi la waandishi mtandaoni na kwamba angependa niingie, nilimuuliza watu hao ni akina nani.

"Ni waandishi, mzee."

"Wameandika nini?"

"Wengi bado hawajamaliza kitu. Ndiyo maana wako kundini."

Jibu hilo lilinipendeza kwa sababu halikuwa na majivuno. Nilimwambia nitafikiri. Akaniuliza, kwa upole wa mtu anayejua anachokifanya, kitabu changu kimefika wapi. Nikamwambia kimefika mahali.

"Basi wewe ni wa wale wale, mzee," akasema, akacheka.

Kitabu chenyewe kilimhusu mama yangu. Aliishi maisha yake yote Kitaya, kando ya Ruvuma, akilima mpunga bondeni na mihogo juu, na kuokota korosho msimu wake ukifika. Hakuwahi kushika wadhifa wowote, na hakuna mahali alipoandikwa isipokuwa kwenye daftari la wapiga kura. Nilitaka awepo kwenye kitabu. Nilikuwa nimeandika habari za utoto wake, ndoa yake na miaka ya vita vya upande wa pili wa mto, wakati wageni waliovuka kwa mitumbwi walipolala uani kwetu. Nilipofika kwenye mazishi yake, kalamu ilikwama. Si kwamba sikujua yaliyotokea. Nilikuwepo.

Hapa Magomeni, Mtwara mjini, ninapoishi hapakuwa na mtu wa kumwonyesha. Majirani zangu ni watu wema. Tunasalimiana, tunazikana, tunapelekeana futari mwezi wa Ramadhani. Lakini nilipomwambia mmoja wao, mstaafu mwenzangu aliyekuwa akifanya kazi bandarini, kwamba asubuhi huwa naandika, alisogeza kiti chake karibu na kushusha sauti.

"Wasia, au kesi ya shamba?"

"Kitabu."

"Aa," akasema, na kiti akakirudisha kilipokuwa.

Niliingia kundini. Utaratibu wao ulikuwa wa maana kuliko nilivyotarajia. Kila wiki mwanachama mmoja aliweka kipande cha maandishi yake, kwa zamu inayojulikana, na wengine walikisoma na kutoa maoni. Pongezi tupu zilikatazwa. Aliyeandika "hongera" peke yake aliombwa ataje sentensi iliyomfurahisha. Kulikuwa pia na kanuni kwamba atakayemtukana mwenzake kwa kabila lake au dini yake ataondolewa papo hapo. Kanuni hiyo niliisifu waziwazi siku ya kwanza, maana nimeona vikao vya walimu vikivunjika kwa mambo madogo ya namna hiyo.

Zamu yangu ya kwanza niliweka kurasa za mavuno ya mpunga. Mwanachama mmoja wa Pangani, ambaye hadi leo sijui sura yake, aliuliza kama mama yangu alikuwa akiimba shambani au alikaa kimya. Nilikuwa nimeeleza ukubwa wa shamba, aina ya mbegu na jinsi maji ya Ruvuma yanavyopanda na kushuka. Swali hilo sikuwa nimejiuliza. Nilimpigia simu dada yangu mkubwa, ambaye bado yuko Kitaya.

"Kuimba? Mama yetu?" dada alisema. "Alikuwa anatukana ndege. Umesahau? Anawaamia wasile mpunga, huku anawatukana na ukoo wao wote."

Sikuwa nimesahau, nilikuwa sijaulizwa. Nikawaweka ndege na matusi ya mama katika sura ile, na niliposoma upya niliona kwamba mtu aliyekosekana shambani sasa alikuwapo. Tangu siku hiyo niliacha kuuliza watu hao ni akina nani. Nilipima kazi yao kwa maswali waliyouliza, kama nilivyokuwa nikiwapima walimu.

Kati yao alikuwapo mwanamke mmoja, muuguzi wa zahanati iliyo juu ya uwanda wa Newala. Maoni yake yalikuwa mafupi na makali. Aliwahi kumwambia mwanachama mmoja kwamba mhusika wake analia mno hadi msomaji hana nafasi ya kulia. Nilimheshimu kwa hilo. Alikuwa na hadithi yake aliyoiandika kwa muda mrefu, na zamu yake ilipangwa wiki iliyofuata zamu yangu ya pili.

Zamu hiyo ya pili niliweka sura ya mazishi ya mama. Nilikuwa nimeikamilisha kwa kujilazimisha. Ilieleza saa aliyofariki, aliyeongoza sala ya jeneza, viongozi waliohudhuria, na hali ya hewa. Ilimalizika kwa sentensi niliyoiona ya heshima: mazishi yalifanyika kwa utulivu. Wanachama walinipa pole. Mmoja alisema imeandikwa kwa nidhamu. Kisha yakaja maoni ya muuguzi:

"Babu, mama huyu umemzika au umefunga shule? Saa naiona, shehe namwona, wakubwa waliokaa kwenye viti nawaona. Mama simwoni. Kweli Wamakonde kuchonga mnajua: mtu mzima mmemfanya gogo, mkalipiga msasa, mkalizika. Sisi tungekuwepo msingezika kimyakimya hivyo."

Nilikuwa barazani, baada ya chai, na malori ya korosho yakipita barabara kuu kuelekea bandarini. Niliiweka simu mezani nikaenda kumwagilia mchicha wangu, ambao ulikuwa umeshamwagiliwa. Hakuna mtu aliyewahi kumtaja mama yangu namna ile mbele yangu, na kama angekuwa mwanafunzi ningejua la kumfanya.

Nilipotulia niliyarudia maoni yake. Safari hii sentensi ya mwisho ndiyo iliyonisimamisha. Sisi tungekuwepo. Sisi akina nani? Katika watu wa kusini kuna mtu wa aina moja tu anayeweza kusema hivyo juu ya msiba wa mwenzake bila kupigwa. Lakini hilo lilikuwa wazo langu tu, halikuwa na ushahidi, na niliazimia kumuuliza mwenyewe.

Nilipofungua kundi, nilikuta taarifa kwamba ameondolewa. Mratibu alikuwa ameomba radhi kwa niaba ya wote. Chini yake mazungumzo yalikuwa yamepamba moto.

"Huyo dada nasikia alishafukuzwa kundi jingine kwa tabia hizi hizi."

"Hata huo uuguzi wake una maneno, mimi niliambiwa."

"Na wengine wanasema si mwanamke kabisa, ni mwanamume anajificha."

Niliandika: "Naomba kila aliyesema hapo juu aeleze alichokiona yeye mwenyewe, na mahali alipokiona."

Baadaye mmoja alifuta maneno yake. Wa pili akaandika, "Mzee, mimi niliambiwa tu." Wa tatu akasema, "Lakini tunakutetea wewe, mzee wetu!"

"Sikuomba kutetewa kwa jambo lisilo na shahidi," nilijibu, kisha nikampigia muuguzi simu.

"Shikamoo, babu," alipokea. Nyuma yake kulikuwa na mtoto mchanga analia.

"Marahaba. Umenijuaje?"

"Namba yako iko kundini. Lilikuwa kundi langu hadi asubuhi. Umepiga kunimalizia?"

"Nimepiga kuuliza. Wewe ni mtu wa wapi?"

"Songea. Mngoni, baba na mama."

"Mbona hukusema hivyo kabla ya kuandika?"

"Babu! Mtani anapiga hodi msibani?"

Wangoni ni watani wetu. Zamani babu zao walituvamia kwa silaha, na kutokana na uadui huo ukazaliwa, kwa namna ambayo wazee wa pande zote mbili walikubaliana nayo, uhuru wa kutaniana bila kukasirika. Uhuru huo una kazi yake hasa kwenye msiba. Mtani huja bila kualikwa, huwacheka wafiwa, humwigiza marehemu, na mfiwa haruhusiwi kununa. Anayenuna ndiye aliyevunja adabu.

"Nilidhani Mmakonde wa Ruvuma hahitaji kuelezwa," aliendelea. "Ningejua umesoma hadi ukasahau kwenu, ningekuandikia kwa herufi kubwa."

"Sijasahau."

"Haya, niambie. Siku ya mama watani hawakuja?"

"Walikuja."

"Wako wapi kwenye sura?"

Nilimweleza kwamba niliona hawafai kuwemo kitabuni, kwamba msomaji asiyejua mila angedhani hatukumheshimu marehemu.

"Kwa hiyo uliwakagua ukawafelisha," akasema. Akacheka kidogo, kisha sauti yake ikabadilika. "Babu, mimi zamu yangu ilikuwa wiki ijayo. Wewe una majirani waliosoma. Hapa zahanati tupo wawili. Mwenzangu ana roho nzuri, lakini nikimsomea hadithi yangu ananiuliza yule mgonjwa alipewa dawa gani. Wale watu ndio walionifundisha kwamba ninachoandika ni hadithi. Sasa nimewaandikia kitu, na mlango umefungwa. Sikuombi unirudishe. Nakwambia tu ujue."

Nilimwambia nimesikia. Sikumwahidi lolote, kwa sababu mamlaka hayakuwa yangu.

Nilimpigia mratibu, naye alinisikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa akifanya nilipomsomea taarifa ya ukaguzi.

"Mzee, kanuni hii uliisifu wewe mwenyewe."

"Naisifu bado."

"Basi nikimrudisha, kesho mwingine atamtukana mtu kabila lake, aseme ni utani. Mwaka juzi nusura kundi livunjike kwa jambo hilo hilo. Mimi ni mtu wa Ziwa. Nitajuaje utani ni upi na tusi ni lipi?"

Hoja yake ilikuwa na uzito na nilimwambia hivyo. Sikutaka amrudishe kwa kunionea haya, maana upendeleo wa namna hiyo nimeukemea maisha yangu yote. Nikamwambia kwamba utani una pande mbili: anayetaniwa anajibu, na akijibu kila mtu anaona kama kuna kidonda au hakuna. Niliomba nafasi ya kujibu mbele ya kundi zima, wenyewe wapime.

"Lakini zamu yako imeshapita, mzee."

"Hili si andiko jipya. Ni sura ile ile, ambayo haikuwa kweli."

"Weka," akasema. "Kuhusu yule dada siahidi kitu."

Nilifanya kazi hiyo asubuhi mbili. Sikuwa na haja ya kuuliza mtu, kwani yote niliyaona. Wakati ule kijijini kulikuwa na familia moja ya Wangoni iliyohamia kwa shughuli za kilimo, na mwanamke mmoja wa familia hiyo aliingia uani kwetu wanawake walipokuwa wakiomboleza. Alijitanda kanga ya mama. Akaichukua mbuzi ya kukunia nazi, akaketi juu yake katikati ya ua kama mama alivyokuwa akiketi, goti moja limeinuka, akaanza kugomba kwa sauti ya mama. Aliwagombeza ndege kwanza, ukoo kwa ukoo. Akawageukia mbuzi wa jirani. Wanawake waliokuwa wakilia walianza kujizuia, wakashindwa. Shangazi yangu alicheka hadi akalala kwenye mkeka huku machozi yakimtoka. Kisha yule mtani akaniona mimi, nimesimama na maofisa wenzangu waliotoka mjini, nimevaa koti.

"Na wewe unayezunguka kukagua watoto wa watu," akasema kwa sauti ile ile, "umekula?"

Nilijibu kabla ya kufikiri. Nilisema, "Nimekula, mama."

Ua mzima ulicheka. Hapo ndipo nilipolia, mbele ya maofisa, kwa mara ya kwanza tangu nipewe taarifa. Makaburini mtani mwingine, mume wa yule mwanamke, aliingia kaburini akajilaza, akagoma kutoka hadi aahidiwe jogoo, akidai kwamba Mmakonde hawezi kulala mahali pazuri hivyo kabla ya Mngoni. Shehe aligeukia pembeni kuficha uso wake. Ndugu zangu walimtoa kwa kumvuta mikono, na jogoo akaahidiwa.

Hayo ndiyo niliyokuwa nimeyaita utulivu. Mimi ambaye sikuwahi kupokea taarifa ya mtu asiyekuwepo darasani, nilikuwa nimeandika habari za siku niliyokuwepo kama mtu aliyesimuliwa.

Niliiweka sura kundini, na juu yake nikaandika: "Kwa Mngoni aliyeko Newala. Babu zenu walitujia na mikuki, wakautazama uwanda wetu kutoka chini, wakarudi kulima mahindi. Wewe umeupanda kwa barua ya uhamisho, tena kwa gari la serikali, kwa hiyo usijisifu. Sura hii hapa. Kama hujui kusoma Kiswahili cha pwani, tafuta mtoto akusomee."

Nadhani mwanzoni walikuwa wakitafuta namna ya kumlaumu mzee. Kisha mwanachama wa Pangani akaandika kwamba amecheka hadi mke wake ametoka jikoni kuuliza kuna nini, na kwamba Wasukuma ni watani zake na tangu afiwe na baba yake anawadai malipo ya utani wao msibani. Mwingine akaeleza jinsi mtani wa ukoo wao alivyokataa kushuka kwenye gari la maiti. Mazungumzo yakaiacha sura yangu, yakaenda kwenye misiba yao wenyewe, na nilisoma mambo ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuyaweka kwenye maandishi yake. Yule aliyekuwa ameniambia kwamba aliambiwa tu, akaandika kwamba anaomba muuguzi aombwe radhi. Wengine wakaunga mkono.

Mratibu alinipigia jioni ile.

"Mzee, kanuni inabaki."

"Vema."

"Lakini tumeiongezea. Kabla ya mtu kuondolewa, aliyeguswa aulizwe kwanza. Wewe hatukukuuliza."

"Hamkuniuliza."

"Kumbe hata mimi ningefeli ukaguzi," akasema.

"Ungepewa muda wa kurekebisha," nilimjibu, na sikuwa natania.

Muuguzi alirudishwa siku moja kabla ya zamu yake. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Ndugu zangu, mmenitoa msibani kabla sijala." Kisha akaniandikia mimi, hapo hapo mbele ya wote: "Sura nimeisoma, babu, bila msaada wa mtoto. Sasa mama namwona. Ila huyo Mngoni wenu alikuwa mpole. Ningekuwa mimi, ningekaa kwenye kiti cha ofisa mkubwa kuliko wote na kumtuma maji."

Asubuhi iliyofuata aliweka hadithi yake. Ilimhusu mwanamke mjamzito anayebebwa kwa baiskeli kutoka shamba la mbali hadi zahanati, na mume anayesukuma baiskeli hiyo bila kusema neno njia nzima. Niliisoma kwa makini. Niliandika kwamba njia imeelezwa vizuri hadi nikahisi mchanga wake, lakini kwamba mume amenyamazishwa na mwandishi, hakunyamaza mwenyewe, na kwamba ukurasa wa mwisho unamweleza msomaji la kufikiri, hivyo uondolewe. Wengine walifuata. Mwanachama wa Pangani aliutetea ukurasa wa mwisho. Mwingine alidai kwamba mwanamke mwenye uchungu asingezungumza sentensi ndefu vile, na wanawake waliomo kundini wakamkalia kooni wakimuuliza yeye aliwahi kuzaa lini.

Muuguzi alijibu katikati ya wagonjwa, kwa vipande. Ukurasa wa mwisho alikubali kuufupisha, hakukubali kuutoa. Kuhusu mume aliandika, "Babu, hilo sipokei. Wewe hujawahi kumbeba mtu baiskelini," na nilipomjibu kwamba nimewahi, na tena kwenye mchanga wa Kitaya, akataka nieleze kama nilikuwa nikizungumza. Nilikiri kwamba sikumbuki vizuri na kwamba nitampigia dada yangu. Adhuhuri niliiacha simu mezani nikaenda msikitini. Niliporudi walikuwa wameshafika kwenye baiskeli yenyewe, kama ilikuwa na kengele au haikuwa nayo, naye muuguzi akiwajibu mmoja mmoja kwa jina.